Profaili za alumini kwa boti ya Ziwa Nyasa: nichukue aloi ipi, na nini hasa huila?

Mwanjelwa_Alu aliuliza:

Wakuu, heshima kwenu. Kuna oda ya boti ya kazi itakayokaa Matema: urefu mita 6.2, upana mita 1.9, injini ya nje ya farasi 40, itabeba watu na magunia. Karakana iko Mbeya mjini na kazi yake ya kila siku ni madirisha na milango, kwa hiyo kukata na kuunga alumini si tatizo. Tatizo ni maji. Mteja hataki mbao hata kidogo: mkuku (uti wa chini), mataruma (mbavu za kukatiza), stringa (mihimili ya urefu) na fremu ya shetri (ukuta wa nyuma) vyote viwe profaili za alumini, juu yake bati la alumini.

Vinavyopatikana:
- skwea paipu na cheneli za madirisha, unene milimita 1.2 hadi 2, nyingine zina rangi ya unga
- engo laini (pembe ya umbo la L) ambayo muuzaji anaiita 50x50x5 "ya meli", haina karatasi wala chapa
- kwa kuagiza Dar es Salaam: 6061-T6 na 6082-T6 za mita 6, na bati la 5083

Naomba kujua: za madirisha zinaliwa na maji ya ziwa? Hiyo ya "meli" naihakikishaje? Kati ya 6061 na 6082 nichukue ipi? Na je, nichomelee au nipige ribiti? Mashine ya MIG (ya kuchomelea kwa waya na gesi) ipo.

Argoni_Safi alijibu:

Karibu mkuu. Jibu la swali la kwanza huwashangaza wengi: profaili za madirisha haziliwi kirahisi. Nyingi ni 6063, ambayo kopa (shaba) yake haizidi asilimia 0.10, na kopa ndiyo inayoivunjia alumini heshima majini. Ubaya wa 6063 uko kwingine. Ni laini, na ukuta wa milimita 1.2 umebuniwa kushika kioo. 6063-T5 huanza kupinda bila kurudi kwenye karibu MPa 130 hadi 145 (MPa ni kipimo cha mkazo). 6082-T6 inafika 250 na zaidi. Ukipiga MIG kwenye ukuta wa 1.2 utatoboa kabla hujaanza kushona. Zitumie kwa paa la kivuli na fremu ya kioo cha mbele, na uishie hapo.

Hata aloi nzuri ikiwa nyembamba ni hatari kwa sababu nyingine. Alumini hailiwi kwa usawa kama chuma kinavyotoa maganda, inachimbika vishimo. Kishimo cha nusu milimita kwenye bati la milimita 4 ni alama tu. Kwenye ukuta wa 1.2 karibu nusu imekwenda.

Kati ya 6061 na 6082: 6061 ina kopa asilimia 0.15 hadi 0.40, na 6082 haizidi 0.10. Nguvu zao zinakaribiana. Kwa hiyo 6082, hasa sehemu zinazolala kwenye ngama, yaani chini ndani ya boti panapokusanyika maji. Ila boti ni ya maji baridi; ikikosekana 6082 usisimamishe kazi, 6061 itafanya. Zinazokatazwa kabisa ni za namba 2000 kama 2024, na 7075. Zina kopa nyingi, na huingia madukani kama vyuma chakavu vya ndege au mashine.

Utajiuliza kwa nini usitafute profaili za 5083 kama bati. Ni kwamba 5083 ina magnesi asilimia 4.0 hadi 4.9, hivyo ni ngumu kuikamua kwenye tundu la kiwandani, na maumbo yenye uwazi ndani hayatengenezwi nayo kwa kawaida. Ndiyo maana dunia nzima boti za alumini zina bati la 5083 na profaili za familia ya 6000. Unapohitaji bapa tu, likate kwenye bati la 5083 lenyewe. Hakikisha bati limeandikwa H116 au H321 (alama za bati la majini), na cheti cha kiwanda kinataja ASTM B928, kiwango cha mabati ya majini yenye magnesi nyingi. 5083 isiyo na hivyo inaweza kuwa nzuri, inaweza isiwe.

Engo laini "ya meli": anza na mzani, kabla ya kemia. Alumini ni kilo 2.7 kwa kila desimita ya ujazo. Engo ya 50x50x5 ina eneo la milimita za mraba 475, sawa na kilo 1.28 kwa mita, kilo 7.7 kwa pisi ya mita 6. Ikikupa kilo 6.2, hiyo ni milimita 4 na umeuziwa jina. Kisha fanya jaribio la kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni: piga msasa hadi chuma king'ae, dondosha tone la mmumunyo wa karibu asilimia 10, subiri dakika chache, suuza. Ikiacha doa jeusi, kuna kopa nyingi, irudishe. Ikibaki nyeupe au kijivu hafifu, si ya 2000. Jaribio hili halitakuambia kama ni 6063 au 6082, usilipe kazi lisiyoiweza. Vaa glavu na miwani, na moto usiwe karibu kwa sababu linatoa haidrojeni. Wapo watakaokushauri uipeleke kwenye mashine za kupimia dhahabu Chunya. Nyingi zimepangwa kusoma dhahabu na jamaa zake, magnesi hazioni.

Mtera_Iringa alijibu:

Naongezea kuhusu kuliwa, maana hapo ndipo swali lilipoanza. Alumini inajilinda kwa utando wa oksidi unaojitengeneza wenyewe ukiguswa na hewa. Utando huo uko salama kwenye maji yasiyo na asidi kali wala magadi makali, takriban pH 4 hadi 8.5. Ziwa Nyasa ni maji baridi yenye chumvi kidogo sana. Kwa hiyo mwili mtupu wa alumini usio na rangi utageuka kijivu tu, na hiyo si kuliwa. Kuliwa ni unga mweupe unaojaa sehemu moja na chini yake kuna kishimo.

Unga huo utauona mahali pawili: pale alumini inapogusana na chuma kingine huku kuna unyevu, na pale maji yaliponaswa yasikauke.

Kuanzia na kugusana. Maji ya ziwa yakiwa na chumvi kidogo, umeme wa metali mbili hausafiri mbali, hivyo madhara yanabanana milimita chache kuzunguka bolti. Watu wanaona sehemu ndogo wanapuuza, kumbe shimo linakwenda chini. Bolti ziwe stenlesi A4, chini ya kila washa weka washa ya naironi, kwenye uzi paka Duralac au Tef-Gel (pasti za kutenganisha metali). Kopa na brasi zisiguse mwili popote. Kipande cha waya wa kopa kilichoanguka ngamani kikalala pale msimu mzima kinaweza kutoboa bati. Fundi umeme akimaliza, ngama ipigwe vakyumu, si kufagiliwa.

Pili, huku Nyanda za Juu Kusini tuna mtego wetu wenyewe. Mteja hataki mbao, lakini kuna mtu atakuja kuongeza benchi au sakafu ya paini kutoka Sao Hill, ile ya kijani iliyotiwa dawa. Dawa hiyo ni CCA, na C moja ni ya kopa. Ubao huo ukilowana juu ya taruma ni sawa na kupaka taruma chumvi ya kopa. Kama sakafu ya mbao haikwepeki, iwe isiyo na dawa, iliyopakwa epoksi pande zote sita hadi kwenye matundu ya skruu, na ikae juu ya vipande vya plastiki ngumu vya milimita 5 ili hewa ipite. Mwandishie mteja hilo kwenye karatasi ya makabidhiano.

Maji yaliyonaswa: sponji, zulia, kamba iliyolala, na tope. Hapa Mtera tope ndilo adui namba moja. Linajaa kati ya stringa na bati, linabaki na unyevu wiki nzima, chini yake hakuna hewa ya kutengeneza utando upya. Matema mtakuwa na mchanga badala ya tope, kanuni ni ileile. Kila taruma likatwe nusu duara ya kipenyo cha milimita 50 pale linapopita juu ya mkuku na pembeni mwa kila stringa, maji yakimbilie shetri. Tundu la milimita 10 linaziba kwa gamba moja la samaki.

Na silikoni ya madirisha, ile inayonuka siki, isiingie kwenye boti. Harufu ile ni asidi ya siki. Tumia ya poliyurethani kama Sikaflex.

Mwanjelwa_Alu:

Ndaga fijo wakuu, hapa kuna kazi. Naona niagize 6082-T6 na bati la 5083-H116. Sasa mpangilio: nilifikiria skwea paipu 50x50x3 kwa mataruma yote maana ni ngumu kupinda. Na mabapa ya mbele pale omo panapojikunja, nipashe moto kwa gesi?

Argoni_Safi:

Usipashe. T6 maana yake nguvu imepatikana kwa joto la kiwandani, na joto lako litaiondoa. Bapa la 6082-T6 likipindwa baridi kwa kona kali hupasuka kwa nje. Kwa omo kata mabapa ya 50x6 kwenye bati la 5083, yanapindika baridi bila ugomvi. Na 5083 yenyewe isilazwe mahali pa joto la zaidi ya nyuzi 65 kwa muda mrefu, magnesi inajitenga kwenye mipaka ya chembe na kufungua njia ya kuliwa kwa ndani. Kwa hiyo hakuna kulifunga bapa lake karibu na bomba la moshi la injini ya ndani, kama mteja atakuja kubadilisha injini baadaye.

Skwea paipu siipendi kwa mataruma. Ndani hupaoni. Tundu la sindano kwenye mshono linatosha kuingiza maji, yakiingia hayatoki. Ukiitumia, chagua moja: izibe kabisa au itoboe chini ikauke. Ukiiziba, acha tundu la milimita 5 hadi mshono wa mwisho upoe. Hewa ya moto ndani inalipua mshono wako ukiwa bado uji. Halafu zungushia kizibo.

Mimi ningetumia profaili ya umbo la T. Sababu ni hii. Ukichomelea 6082-T6, ukanda wa karibu milimita 25 kila upande wa mshono unapoteza takriban nusu ya nguvu yake, unabaki MPa 115 hadi 125. Hili halizuiliki, hata fundi awe bingwa. Lakini kwenye T ya 60x50x5, mguu ndio unaochomelewa kwenye bati, na kichwa kinachobeba mvutano kiko milimita 55 juu, joto halijakifikia. Kinabaki na T6 yake. Sasa fundi anamaliza vizuri, kisha anachomelea kipande cha kushikia sakafu juu ya kichwa, katikati ya urefu. Kaua taruma. Vipande vya sakafu vichomelewe kwenye mguu wa T, au vifungwe kwa bolti karibu na miisho. Viungo vya kuunganisha pisi mbili viwe robo ya urefu kati ya mataruma mawili, visiwe katikati wala juu ya taruma.

Mashine: gesi ya argoni tupu ya asilimia 99.99, mchanganyiko wenye CO2 hapana. Lita 15 hadi 20 kwa dakika. Bunduki ya spuli (yenye roli ya waya juu yake) ni lazima, waya laini wa alumini ukisukumwa mita 3 za mpira unajikunja kama tambi. Waya 5356 wa milimita 1.0 kwa bati la 3, na 1.2 kwa la 4 na kuendelea. 5183 ni bora zaidi kama ipo. Waya wa 4043 unaotumika kwenye masufuria na rejeta usiuguse kwenye 5083, silikoni yake na magnesi vinatengeneza mshono unaovunjika kama biskuti. Kwa milimita 4 anza na ampea 140, sukuma bunduki mbele kwa nyuzi 10 hadi 15. Ukivuta, masizi meusi yatakuambia.

Usafishaji una mpangilio: asetoni kwanza, brashi ya stenlesi baadaye. Ukianza na brashi unasugua mafuta kuyaingiza kwenye chuma. Brashi na diski ziwe za alumini tu, diski iliyogusa nondo inapandikiza chembe za chuma, na kila chembe ni kituo cha kutu. Oksidi inayeyuka karibu nyuzi 2,070 na alumini 660, ndiyo maana usipoiondoa unapata uji chini na ngozi juu. Profaili yenye rangi ya unga au iliyoongezewa utando wa oksidi kiwandani isagwe hadi chuma kwa milimita 30 kila upande.

Kusi_Matema alijibu:

Mnasema yote hayo kana kwamba boti itachomelewa Mbeya. Ikichomelewa Mbeya itashukaje Tukuyu ikiwa nzima? Inawezekana kwa lori, mita 6.2 si nyingi. Lakini kama mnapanga kuunga mwisho huku chini, angalieni jasho. Pisi zikipakiwa Mbeya alfajiri ya Juni au Julai ni baridi kama barafu. Zikishushwa Kyela kwenye joto na unyevu zinatoa maji ndani ya dakika chache, kama chupa ya soda. Unyevu huo ni haidrojeni kwenye mshono, na haidrojeni ni matundu. Ziache chini ya paa hadi siku ya pili, futa, kisha anza. Na upepo wa ufukweni unapeperusha argoni hata kwa mita 2 kwa sekunde, zungushia turubai.

Kuhusu mpangilio: Matema iko ncha ya kaskazini. Upepo wa kusini wa Mei hadi Agosti unasukuma mawimbi kwa urefu wote wa ziwa hadi mlangoni kwetu. Boti itapigwa chini ya omo kuliko popote. Kwa ukubwa huo: bati la chini milimita 4, la ubavuni milimita 3, la shetri milimita 5. Stringa tatu kila upande wa mkuku, umbali usiozidi milimita 250. Mataruma kila milimita 900, lakini theluthi ya mbele yabane hadi 600. Mkuku bapa la 80x10, kilo 2.16 kwa mita. Shetri ipate magoti mawili yanayoshuka hadi kwenye stringa za ndani, kwa sababu farasi 40 hazisukumi boti, zinasukuma shetri. Itabeba watu, kwa hiyo mchoro auone mkaguzi wa TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, kabla hujakata pisi ya kwanza.

Anayetaka kulinganisha na chuma akumbuke alumini inanesa mara tatu zaidi kwa umbo lilelile. Bapa lenye unene uleule likirefushwa kimo kwa karibu mara 1.45, ugumu unalingana na uzito unakuwa nusu.

Ribiti: zinafaa kwa sakafu na kivuli. Kwa chini ya maji, boti inayoburuzwa kwenye kokoto kila jioni italegeza ribiti. Ukilazimika, tumia zilizozibwa kichwa, msumari wake usiwe wa chuma cha kawaida, 4.8, umbali kutoka ukingoni milimita 10.

Kwa ajili ya kokoto hizohizo chomelea bapa la 40x8 chini ya mkuku, mshono mfululizo pande zote. Likiisha unalisaga na kuweka jingine. Wengine hufunga ukanda wa plastiki kwa bolti. Mchanga unaingia nyuma yake na tunarudi kwenye tope la Mtera.

Mwanjelwa_Alu:

Anodi je, vile vipande vya metali vinavyoliwa badala ya mwili wa boti? Dukani kuna za zinki tu.

Mtera_Iringa:

Zinki kwenye maji baridi inajifunika ganda na kulala. Kwa maji baridi weka ya magnesi.

Argoni_Safi:

Hapo tunatofautiana kidogo ndugu yangu. Magnesi ina nguvu mno kwa alumini. Ikizidi, uso unaolindwa unatoa alkali, na alkali inaila alumini kama saruji mbichi inavyofanya kwenye fremu za madirisha. Mwanjelwa hilo analijua. Ningeweka ya aloi ya alumini.

Kusi_Matema:

Boti inalala mchangani kila usiku na injini inanyanyuliwa. Ile anodi ndogo iliyo kwenye injini inatosha, iangaliwe kila miezi sita na isipakwe rangi. Anodi za mwilini ziwekwe kama itafungwa majini mfululizo, na hapo nipo na Argoni_Safi. Muhimu zaidi ni umeme: mwili usiwe njia ya kurudishia. Kila taa na pampu ipate nyaya mbili hadi kwenye betri, na swichi kuu ikate upande chanya. Baada ya kazi, pima kwa mita ya umeme kati ya chanya na mwili, na hasi na mwili, injini ikiwa imetenganishwa. Hakuna kinachopaswa kusomeka.

Mwanjelwa_Alu:

La mwisho wakuu. Tapu za kutolea maji shetri nilizopata zote ni za brasi, na rangi ya chini ya kuzuia majani muuzaji anasifia yenye kopa.

Kusi_Matema:

Vyote viwili acha dukani. Boti inayovutwa nchi kavu kila siku haihitaji rangi hiyo. Tapu weka ya plastiki ngumu yenye uzi, iliyofungwa na Sikaflex. Ikikosekana, chomelea soketi ya alumini yenye ukuta wa milimita 6 na plagi ya stenlesi A4 iliyopakwa Tef-Gel. Ifunguliwe kila jioni, la sivyo uzi utashikana na utaikata kwa grainda.